Mtani Wangu na Jedwali la Mboga

Kabla ya yote naomba radhi kwa mwandiko huu na kwa makosa ya herufi mtakayoyakuta. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika kwa nadra. Mkono wangu ni mzito. Neno moja nalizunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani. Ikiwa haya yamewafikia yakiwa yamechapwa na kunyooka, mjue kuna mtu alikaa na karatasi zangu akanivumilia. Mimi niliyaandika kwa peni ya bluu, mezani, asubuhi kabla ya kwenda shambani.

Kilichonifanya niandike ni msiba. Mwaka huu masika yalipoanza kukatika, Zuhura alifariki Dar es Salaam, wakamleta kuzikwa nyumbani kwa baba yake, Kihonda. Yeye alikuwa Mnyamwezi, mimi ni Mluguru, kwa hiyo ni watani. Nilifika nikakaa nyuma kabisa, karibu na masufuria. Lakini kaka yake akaniona, akapaza sauti: "Mtani wa marehemu yuko pale anajificha! Aje afanye kazi yake!" Kwetu mtani ana ruhusa msibani. Anaweza kumtukana marehemu, kuigiza mwendo wake, hata kulala njiani jeneza lisipite, na wafiwa watacheka huku machozi yakiwatoka. Nikasimama, mimi ambaye mpaka leo nikisimama mbele za watu shati linalowa mgongoni. Nikasema: "Huyu mnayemlilia ni mwizi. Aliniibia kazi ya mikono yangu, akaenda kukaa nayo kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Leo ameona ninakuja, amekimbilia kaburini." Watu walicheka. Kaka yake alicheka mpaka akashika ukuta. Shangazi yake akaniletea sahani ya wali yenye nyama nyingi kuliko za wenzangu, akanishika bega: "Ahsante mtani, umetufuta machozi." Nilikula wali ule wote. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba sikuwa natania.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule ambao kila ukuta wa Morogoro uliotazama barabara ulipakwa rangi ya kampuni ya simu. Leo nyumba ni nyekundu, kesho wenzao wamekuja kuipaka ya manjano, mwenye nyumba anachekelea kwa sababu hajanunua rangi. Viwanda vilikuwa vimeshauzwa. Wanaume waliokuwa wakiingia zamu ya asubuhi wakiwa na vitambulisho kifuani sasa walikaa barazani wakiuza vocha. Kila mtu alikuwa akisema soko huria, soko huria, na mimi nikiwa na miaka kumi na tisa niliona maana yake ni kwamba kila mtu sasa ajitafutie.

Chumba chetu cha kazi kilikuwa uani kwa Mama Anitha, Mji Mpya. Zamani kilikuwa stoo ya mkaa. Kilipakwa chokaa mpaka usawa wa mabega, chokaa ikaisha, na juu ya hapo ukipitisha kidole kinatoka na masizi. Kulikuwa na meza mbili, kompyuta mbili za mtumba, feni iliyokuwa inaangalia upande mmoja tu, na pazia badala ya mlango. Aliyekipanga tulimwita Bosi, ingawa hakutuzidi sana umri. Alikuwa mtu wa Bukoba, amesoma chuo Dar, mpole, shati la mikono mirefu hata kwenye joto. Alikuwa na wazo moja. Mkulima wa huko juu milimani, kabla hajajitwika kabichi na kushuka nazo mjini, afungue simu yake aone bei ya sokoni siku hiyo. Kampuni moja ya simu ilikuwa imemwahidi kwamba programu ikikamilika watakuja kuitazama.

Mimi alinichukua nimletee bei. Kila asubuhi nilizunguka sokoni, nikarudi na bei za karoti, hoho, njegere, nyanya. Baada ya hapo sikuwa na kazi, nikawa nakaa kwenye kigoda nyuma ya Zuhura namwangalia akichapa. Zuhura alikuwa na kidato cha nne na cheti cha kompyuta. Vidole vyake vilikwenda kama mtu anayepukuchua mahindi. Siku moja, bila kugeuka, akasema: "Wewe Mluguru, unanipumulia shingoni wiki nzima. Sogea ujifunze, nisife peke yangu na haya mambo."

Nikasogea. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi niliyoyaona kama mchwa.

"Hili ni jedwali," akasema. "Jedwali ni nyumba, na kila amri hapa ni mlango. Unafungua nyumba, unafungua ukumbi, unafungua chumba. Ukishamweka mtu chumbani unafunga chumba, unafunga ukumbi, unafunga nyumba. Ukisahau kufunga mlango mmoja tu, watu wote wanamwagika nje."

"Kama kwenu Tabora," nikasema kwa sauti ndogo.

Akageuka na kiti chake chote. "Kumbe linaongea! Bosi, njoo usikie! Mtumwa wangu anaongea!"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Sikuwa mtu wa kuongea. Mbele ya Bosi nilijibu ndiyo na hapana, na Mama Anitha nikishamwamkia shikamoo nilikuwa nimemaliza maneno ya siku. Lakini kwa Zuhura utani ulinifungua mdomo. Aliniambia sisi Waluguru mguu mmoja ni mfupi kwa kukaa kwenye mteremko, ndiyo maana barabara ya lami inatusumbua. Nikamwambia babu zake walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani hadi shingo zikaingia kifuani, na yake bado haijatoka. Nilipokuwa namtukana sikuona aibu. Nimewaza sana jambo hilo miaka hii. Mahali pekee nilipoweza kusema lolote palikuwa mahali ambapo lolote nililosema halikuhesabiwa kuwa kweli.

Na utani wetu haukuwa wa maneno tu. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Unacheka, kisha unakikomboa kwa kitu kidogo, anakurudishia, mnaendelea. Mchana Mama Anitha alitupikia ugali na dagaa, na Ijumaa wali wa Dakawa na nyama. Ijumaa Zuhura alinyoosha mkono akachukua kipande changu kikubwa: "Mtumwa anakula nyama ya nini?" Na mimi mvua ikinyesha nilikamata mwavuli wake, nikakaa nao mpaka aninunulie karanga. Bosi alitutazama kama watoto. Kwao Bukoba, alisema, mtu akichukua nyama yako unamwuliza kulikoni.

Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgao. Asubuhi upo, saa sita hakuna, au kinyume chake. Tukajizoeza kazi ya namna yetu: umeme ukikatika tunahamia barazani na karatasi, tunaandika zile amri za kompyuta kwa peni, mstari kwa mstari, na umeme ukirudi tunaziingiza kwenye mashine. Kuandika nilikuwa naandika mimi, kwa sababu uzito wa mkono wangu kwa kazi ile ulikuwa faida. Sikuacha mlango wazi. Kuchapa alichapa Zuhura, kwa sababu mimi kwa vidole viwili umeme ungekatika tena sijafika katikati. Juu kabisa ya kila kazi mashine iliweka jina la aliyechapa. Sikuliwazia hilo. Karatasi zikishachapwa Mama Anitha alizifungia maandazi ya kuuza, nikawa nauona mwandiko wangu mikononi mwa watoto wa mtaani ukiwa na mafuta.

Huku tukiandika, tulimsikia mume wa Mama Anitha, Mzee Salehe, na wenzake upande wa pili wa ukuta. Wote walikuwa wamepunguzwa kiwandani.

"Mashine yangu ile nilikuwa naijua kwa mlio," Mzee Salehe alikuwa akisema. "Ikiumwa, naisikia kabla haijasimama. Juzi nimeiona kwenye lori la chuma chakavu."

"Uliipungia mkono?" mwenzake akauliza.

"Niliiamkia. Imenilisha muda mrefu ile."

Wakacheka wote. Na mimi na Zuhura tukacheka upande wetu.

Jedwali lenyewe lilitutesa. Kioo cha simu za wakati ule kilikuwa kidogo kama boksi la kiberiti. Tulikuwa na safu tatu za kusimama: jina la zao, kipimo chake, na bei. Ukiandika "vitunguu saumu" jina linatanuka, linasukuma kipimo, kipimo kinasukuma bei, bei inatoka nje ya kioo haionekani. Bosi alisema tufupishe majina. Tukajaribu, ikawa "vit" na "nya", na mimi nikauliza vit ni vitunguu gani, nya ni nyanya au nyanya chungu. Akasema basi tuondoe kipimo. Hilo nililikataa kwa kutikisa kichwa tu. Sokoni kwetu kabichi inauzwa kwa tenga, karoti kwa gunia lililojazwa mpaka likaota kichwa, mchicha kwa fungu, njegere kwa sado, lile kopo la rangi. Bei isiyo na kipimo ni kelele tu. Mnunuzi hawezi kuuliza bei kabla hajaweka mkono juu ya kopo.

Nililiwaza jambo hilo nikiwa njiani, nikiwa nakula, nikiwa kanisani. Jibu lilikuja barazani umeme ukiwa umekatika. Kipimo si lazima kiwe na chumba chake. Kiingie chumba kimoja na zao, chini yake, kwa herufi ndogo: juu kabichi, chini kwa tenga. Zikabaki safu mbili. Safu ya bei niliifunga kwa upana usiobadilika, nikaisukuma ukutani kulia, ili elfu isimame chini ya elfu na mia chini ya mia. Safu ya jina niliiachia ijibane yenyewe, na jina likiwa refu livunjike liende mstari wa pili, lakini bei isisogezwe na mtu. Niliandika kurasa nyingi. Nilifuta, nikaandika tena. Umeme uliporudi Zuhura akachapa, akaliweka kwenye simu ya majaribio. Zao baada ya zao lilikaa mahali pake kama sahani kabatini.

"Kosmas," akasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiniita kwa jina. "Hii umeitoa wapi?"

Nikamwonyesha karatasi zangu zilizofutwafutwa. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, na sisemi hivyo kwa kupamba.

Wiki chache baadaye Bosi alirudi kutoka Dar akala nasi uani. Akasema wageni wanakuja, wakiipenda watainunua programu yote, na watamchukua mmoja wetu akaendelee kuitunza huko kwao. "Mmoja," akarudia, akiangalia sahani yake. "Mimi sina uwezo wa kuendelea na chumba hiki. Baada ya hapo nafunga." Mama Anitha aliyekuwa anaosha vyombo akaacha kuosha. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimegundua kazi moja duniani ambayo mtu anaweza kuifanya vizuri bila kufungua mdomo, na nilijua nikiikosa hakuna atakayempa mtu wa darasa la saba kompyuta mara ya pili. Zuhura naye aliitaka. Baba yake alikuwa amekata miwa ya watu maisha yake yote, shamba likapata wamiliki wapya, yeye akarudishwa nyumbani na mgongo mbovu, na nyuma ya Zuhura kulikuwa na wadogo zake. Nalijua hilo. Nalisema ili haki itendeke. Tulikubaliana yeye ataonyesha ukurasa wa kufungulia na maelezo, mimi nitaonyesha jedwali. Alinifundisha hata la kusema: "Sema tu, hili nimelitengeneza mimi, halafu wape simu washike. Litajisemea."

Wageni walikuja wawili, mama mwenye miwani na kijana aliyebeba begi. Wakakaa kwenye viti vya sebuleni kwa Mama Anitha vilivyoletwa uani. Zuhura alianza. Akaonyesha ukurasa wa kufungulia. Kisha, badala ya kunipa simu, akabonyeza akafungua jedwali, akasema: "Na hili jedwali nimelitengeneza mimi."

Nikacheka.

Hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Nilidhani amekamata kiutani. Nilidhani ni nyama ya Ijumaa, ni mwavuli. Mtani wangu amechukua kitu changu kikubwa kuliko vyote mbele ya wageni, ameweza! Nikacheka kwa sauti, kwa kumsifu. Bosi akanigeukia. "Kosmas, vipi? Una la kusema?"

"Mwacheni huyo," nikasema. "Mtani wangu."

Wageni nao wakacheka kwa adabu. Yule mama akauliza kwa nini bei haisogei hata jina likiwa refu. Zuhura akamjibu vizuri sana, kwa maneno yote niliyokuwa nimemweleza barazani. Mimi nikatoka mbio mpaka dukani, nikanunua soda, kwa sababu kitu kilichokamatwa hukombolewa, na cha siku ile hakikuwa cha kukombolewa kwa karanga. Nikarudi nikampa. "Haya Mnyamwezi, umeshinda. Nirudishie mali yangu." Aliitazama ile soda kwa muda. Akaipokea. Akasema, "Asante, mtani," akawageukia wageni, akaendelea.

Nikasubiri. Niliona labda anangoja wageni waondoke. Wakaondoka. Niliona labda anangoja jioni. Asubuhi yake nilimfuata Bosi, nikiwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani.

"Bosi, lile jedwali ni mimi."

Alikuwa anafungasha nyaya. Hakuwa mtu mbaya. "Kosmas, jana nilikuuliza mbele za watu. Ulisema nini?"

"Nilisema mtani wangu."

"Ndiyo. Na kwenye mashine kila kitu kina jina lake. Sasa mimi niwapigie wale watu niwaambie nini? Kwamba kulikuwa na utani?" Akakunja waya. "Mambo yenu haya msingeyaleta kazini."

Siku Zuhura anaondoka kwenda kuanza kazi Dar nilimbebea begi mpaka stendi ya Msamvu. Mtaniona mjinga. Lakini mpaka anapanda basi nilikuwa bado naamini kwamba atageuka, atacheka, atasema haya shika, nimechoka kukutesa. Alinipa mkono. "Mama Anitha umsalimie," akasema. Basi likatoka, wauza karanga wakalikimbilia dirishani, nikabaki nimesimama na mkono wangu.

Chumba kikarudi kuwa stoo. Nilirudi juu mlimani, nikalima karoti. Baadaye nilihamia Dumila, nikawa napakia nyanya kwenye matenga pale njia panda. Mchana mmoja dalali mmoja alikuwa amekaa juu ya tenga, ameshika simu, anawasomea wenzake bei. Nikachungulia. Juu nyanya, chini kwa tenga. Bei imesimama ukutani kulia, elfu chini ya elfu.

"Hiyo nimeitengeneza mimi," nikasema, kama nilivyofundishwa.

Akaniangalia miguuni mpaka kichwani. "Na mimi nilitandika reli," akasema. "Pakia, gari linaondoka."

Zuhura nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Alipita Dumila akienda Dodoma kikazi, gari la ofisi likasimama wanunue vitunguu. Alikuwa amenenepa, amevaa miwani. Alinikumbatia barabarani mbele ya dereva. Nikaona nikikaa kimya hapo nitakaa kimya mpaka kufa. Nikamwambia, "Zuhura, uliniibia."

Akaanza kucheka, akaniangalia usoni, akaacha. "Ulicheka, Kosmas," akasema. "Mimi nilikuwa natetemeka. Nilijua utasema, nikawa nimeshajiandaa kuaibika. Wewe ukacheka, ukaniletea na soda. Ungekasirika, ningekurudishia palepale."

"Mtani hakasiriki," nikasema.

"Basi," akasema. Dereva akapiga honi. Akaninunulia vitunguu, mimi niliyekuwa nimezungukwa navyo, akaingia garini.

Kwa hiyo alijua. Nimekaa na hilo. Wengine wameniambia nimsamehe kwa kuwa ametangulia, na wengine wanasema kosa ni langu, nani alinituma kucheka. Wote hao walikuwa wamekula na kushiba walipokuwa wananiambia. Mimi nililelewa kwamba mtani akichukua, anarudisha. Sheria ile ina pande mbili, na mimi nilitimiza wa kwangu.

Ndugu msomaji, nina ombi. Huko Dar es Salaam kuna watu waliokaa naye ofisini miaka yote ile. Lazima kuna siku mtu alishika simu, akaona jinsi bei ilivyokaa, akamwuliza: hii uliitoa wapi? Kama ulikuwepo siku hiyo, naomba uniandikie uniambie alijibu nini. Mpe barua yako aliyekupa maandishi haya, itanifikia. Kama alitaja Mluguru mmoja wa Morogoro, hata bila jina, hata kwa kumcheka, niambie. Na kama hakuwahi kutaja, niandikie hivyohivyo. Usinifiche kwa kunionea huruma. Mimi si msomaji wa haraka, lakini nitaisoma mpaka mwisho.